Wakwe zangu wana shamba la zabibu Sussex, jirani yao alipanda mwaka huohuo akafeli. Tatizo lilikuwa nini?

#1 MkweWaKusini

Habari wakuu.

Naishi East Sussex, kusini mwa Uingereza, nimeoa huku. Ukoo wa mke wangu ni wafugaji wa kondoo toka enzi za babu yao, kondoo wakawa hawalipi, basi 2018 mwezi wa tano wakaamua kung'oa malisho ya mteremko wa kusini wakapanda mizabibu hekta 3. Nguvu kazi ni baba mkwe, mama mkwe, shemeji yangu, na mke wangu na mimi wikiendi. Kuvuna ndio wanaitwa majirani na marafiki, tunalishwa supu na mkate, jioni kila mtu mgongo hauna habari.

Sasa ng'ambo ya barabara kuna jamaa alipanda hekta 5 msimu uleule. Kilima kilekile. Mashine ya kupanda ileile inayoongozwa na setilaiti, ilimaliza kwetu Jumanne, kwake ikaanza Jumatano. Aina za zabibu ni Chardonnay, Pinot Noir na Meunier kama sisi. Leo wakwe wanauza chupa zao getini, jamaa aling'oa kila kitu mwezi wa pili 2022, pale pana shayiri. Nguzo zake nyingine tumezinunua sisi.

Nimeuliza huku kijijini kila mtu ana jibu lake na kila jibu linaonekana kweli. Nyie mnaonaje, nini kinafanya shamba la familia lisimame na la pembeni lianguke? Nauliza kwa sababu wakwe wanataka kuongeza hekta 2 upande uleule wa jirani, na hela yetu mimi na mama watoto inaingia humo.

#2 Kibirigizi

Kabla ya yote mkuu, zabibu zinaotaje Uingereza? Si kule mvua na ukungu mwaka mzima, au wanapanda ndani ya nyumba za vioo?

#3 DaktariWaMimea

Nje kabisa mkuu Kibirigizi, kwenye nguzo na waya kama Dodoma tu. England na Wales kuna zaidi ya hekta 4,000 sasa, na mashamba yamepita 1,000, mengi ya familia. Nyingi ziko Kent, Sussex, Hampshire, Surrey na Essex.

Sio kitu kigeni. Shamba la kwanza la kibiashara la zama hizi ni la Hambledon, Hampshire, lilipandwa 1952 na jenerali mstaafu anaitwa Guy Salisbury-Jones. Ila wa mwanzo walihangaika na aina za Kijerumani zinazovumilia baridi, waini ikawa nyepesi na chachu, Wafaransa wakawacheka. Mambo yaligeuka 1988 pale mume na mke Wamarekani kutoka Chicago, Stuart na Sandy Moss, walipopanda Chardonnay, Pinot Noir na Meunier shamba la Nyetimber, West Sussex, wakalenga waini ya mapovu tupu. Mapovu yanataka zabibu yenye uchachu mwingi na sukari ya wastani, na hiyo ndio zabibu ambayo baridi ya huko inatoa. Ongeza kwamba joto la msimu kusini mashariki limepanda kama nyuzi 1 toka miaka ya themanini. Nyuzi moja kwa mzabibu ulioko ukingoni mwa eneo lake ni kubwa sana.

#4 Mgogo Halisi

Nalima zabibu Hombolo, Dodoma, nimerithi kwa mzee. Mleta uzi jibu ni maji. Mzabibu hautaki miguu ikae kwenye maji, ukitaka kuuona unakufa taratibu upande penye tope. Uingereza mvua hainyeshi msimu, inanyesha inapojisikia. Nenda kachimbe shimo kwa jirani futi nne halafu mwaga maji uone yanakaa au yanaondoka.

Hapa kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili tatu na mwezi wa nane tisa, nyie huko mara moja na bado mnapigana nayo. Hongereni kwa kweli.

#5 MkweWaKusini

Asante mkuu Mgogo. Shimo limeshachimbwa, sio futi nne, ni zaidi, maana baba mkwe alileta mtu wa udongo. Hapa chini ni mwamba wa chaki, ule mweupe kabisa kama wa zile kuta za bahari pale Dover. Maji yanapita kama kwenye chekecheo. Mvua ikikatika asubuhi mchana unatembea na viatu vya kawaida. Kwa jirani ni hivyohivyo.

#6 DaktariWaMimea

Chaki! Hapo sasa. Mkuu nijibu kitu kimoja: majani ya jirani kabla hajang'oa yalikuwaje, yaliungua kingo, yalikuwa na madoa, au yaligeuka njano?

#7 MkweWaKusini

Njano. Na sio njano ya kuzeeka, ilikuwa jani lote la njano ya limau halafu mishipa imebaki kijani, unaiona kama ramani ya mito. Ilianza mwaka wa pili kwenye Chardonnay upande wa juu. Mwaka wa tatu vichipukizi vya kule juu vilikuwa vifupi havifiki waya wa pili.

#8 DaktariWaMimea

Basi mgonjwa ameshajieleza. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma inayoletwa na chokaa. Chuma kimo ardhini ila chokaa ikizidi mizizi haiwezi kukichukua.

Kwa wasiojua, mizabibu ya Ulaya haipandwi kwa mizizi yake yenyewe, inabebeshwa juu ya shina la mzabibu wenye damu ya Kimarekani kwa sababu ya mdudu filoksera aliyemaliza mashamba ya Ufaransa karne ya 19. Na mashina hayo yanatofautiana. Kuna linaloitwa SO4, linavumilia chokaa kiasi tu. Kuna 41B na Fercal, haya Wafaransa waliyatafuta makusudi kwa ajili ya udongo wa chaki. Nina uhakika wakwe zako wapo kwenye Fercal na jirani aliletewa SO4. Tafuta ankara za miche utakuja kunishukuru.

#9 SisterNjombe

Daktari nakuheshimu ila umekimbilia udongo haraka. Mimi nimekua Njombe, mwezi wa sita na wa saba barafu inashuka usiku, asubuhi viazi vimeungua bondeni na vya kilimani vizima. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kujaa chini. Mleta uzi, hao wawili nani yuko juu na nani yuko chini? Na chini ya shamba la jirani kuna kitu chochote kinaziba, ukuta, miti, uzio wa majani?

Huko Uingereza macho ya mzabibu yanafunguka Aprili na jalidi, ndio hiyo barafu ya usiku, inaweza kuja mpaka katikati ya Mei. Chipukizi la wiki mbili likipigwa na nyuzi 2 chini ya sifuri linakuwa jeusi asubuhi hiyohiyo. Ilikuwa hivyo 2017, ikawa Mei 2020, na Aprili 2021 ndio ilivunja rekodi ya miaka 60 kwa wingi wa siku za jalidi. Jirani aling'oa mwanzoni mwa 2022. Hesabu zinaongea.

#10 MkweWaKusini

Sister umenishtua. Jirani yuko chini yetu, na chini kabisa ya shamba lake kuna uzio wa miti uliosongamana, wa zamani sana, hana ruhusa ya kuukata hivihivi.

Na kweli Mei 2020 nilikuwepo. Baba mkwe ana kipimajoto kwenye safu ya chini kabisa kimeunganishwa na simu, kikifika nyuzi 1 kinapiga kelele. Saa tisa usiku tukaamshwa wote. Kuna mishumaa mikubwa iko kwenye ndoo za bati, mama mkwe anatangulia na kopo la mafuta anagusisha kila ndoo kidogo, shemeji anafuata na kiberiti cha gesi. Tuliwasha safu za chini tu maana mishumaa haitoshi shamba zima na bei yake sio ya mchezo. Moshi ulilala juu ya waya kama umefungwa. Asubuhi zile safu zilikuwa kijani, tatu za pembeni ambazo hatukuwasha zilikuwa zimenyauka. Kwa jirani hakukuwa na mwanga hata mmoja. Alikuwa anakaa London.

#11 Chapakazi_UK

"Alikuwa anakaa London." Uzi ufungwe hapa.

Nimepogoa zabibu Kent misimu kadhaa, mashamba makubwa na ya familia. Udongo sijui nini, sawa, ila kinachoua ni mwenye shamba kutoonekana. Kuanzia Januari mpaka Machi unapogoa kila mche kwa mkono, unaacha tawi moja au mawili unalaza kwenye waya. Mei unatoa machipukizi ya ziada. Juni unapandisha matawi kati ya waya mbili. Julai unapunguza majani upande wa asubuhi ili vichala vipate hewa. Ukichelewa wiki mbili kwenye hali ya hewa ya Uingereza ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, umeingia. Na 2021 ubwiri vinyoya ulisumbua kusini kote, kiangazi kilikuwa mvua tu.

Sasa hiyo kazi hekta 5 jirani alikuwa anakodi watu. Na toka uhuru wa kuingia wa watu wa Ulaya uishe mwisho wa 2020, zile timu za Waromania zilizokuwa zinazunguka shamba kwa shamba zikapungua, waliobaki wanakwenda kwanza kwa wakubwa wanaolipa vizuri. Shamba dogo la mtu wa London linafikiwa mwisho. Familia yenyewe haisubiri mtu.

#12 Kibirigizi

Dah, hadi nimepata hamu ya kwenda kupogoa. Chapakazi nitafutie nafasi.

#13 Chapakazi_UK

Njoo na glavu zako na usilalamike baridi ya Januari, vidole utavisahau.

#14 MzeeWaHesabu

Nimesoma wote, mnazungumzia majani, mimi nataka kuzungumzia daftari.

Nafasi ya mita 2 kwa 1.2 ni miche 4,166 kwa hekta. Miche, nguzo, waya, uzio wa kuzuia paa, kupanda na matunzo ya mwanzo, huko wanahesabu kuanzia pauni 30,000 kwa hekta bila ardhi. Jirani hekta 5, hiyo ni 150,000 imefukiwa chini. Mwaka wa kwanza hakuna kitu, wa pili hakuna kitu, wa tatu unapata kidogo. Ukishavuna, waini ya mapovu ya njia ya jadi inachachuka mara ya pili ndani ya chupa na kulala juu ya mashapo ya hamira, sheria inataka angalau miezi 9 ila wazuri wanalaza miaka 2 au 3. Kwa hiyo uliyepanda 2018 hela ya kweli unaiona 2024 au 2025. Miaka saba unalisha kitu kisichokulisha.

Halafu serikali nayo. Chupa ya pauni 30 dukani, VAT peke yake ni pauni 5, ushuru wa pombe unapita pauni 2 na nusu, na ule unafuu wa wazalishaji wadogo hauwagusi, maana unaishia kwenye kinywaji cha chini ya asilimia 8.5. Toa chupa, kizibo, kiwanda cha kukukamulia kama huna chako. Ukimuuzia mwenye duka kwa jumla unabaki na nini?

Jirani alikuwa na mkopo, nabashiri. Riba ya Benki Kuu ya Uingereza ilitoka 0.1 ikafika 5.25. Hiyo ndio jalidi iliyomuua.

#15 Ntuzu

Mzee wa Hesabu daftari zuri ila tarehe hazikubali. Riba ilifika 5.25 Agosti 2023. Jamaa aling'oa Februari 2022, wakati huo ilikuwa nusu asilimia. Huwezi kufa kwa risasi ambayo haijapigwa.

#16 MzeeWaHesabu

Sawa Ntuzu, tarehe nimeikubali. Ila hoja ya mtiririko wa hela inabaki palepale, mtu anaweza kuishiwa hata riba ikiwa sifuri. Mleta uzi, wakwe walikula nini miaka hiyo saba?

#17 MkweWaKusini

Kondoo 60 walibaki, wanaingia kwenye mizabibu majira ya baridi baada ya majani kudondoka wanakula nyasi katikati ya safu, kwa hiyo mashine ya kufyeka haifanyi kazi miezi ile. Mama mkwe alikuwa bado anafundisha shule ya msingi. Ardhi ni ya ukoo haina deni. Na kuna kitu sikukisema, tuna safu za Bacchus upande wa magharibi, shemeji alizilazimisha baba mkwe hakutaka.

#18 Ntuzu

Kumbe! Sasa hiyo ndio siri na ulikuwa umeikalia. Bacchus ni zabibu ya Kijerumani, nyeupe, ina harufu ya maua na majani mabichi. Unavuna mwisho wa Septemba au Oktoba, waini haina mapovu, masika inayofuata iko kwenye chupa unauza. Yaani ilikuwa inawalipa wakati Chardonnay bado imelala. Jirani alikuwa nayo?

#19 MkweWaKusini

Hakuwa nayo. Mapovu tupu.

#20 Ntuzu

Namaliza hapo.

#21 DaktariWaMimea

Huwezi kumaliza hapo ndugu yangu, majani ya njano hayaponi kwa Bacchus 😀

#22 Mombasani

Asalaam aleikum. Mie si mnywaji na sitakuwa, lakini kilimo nakipenda na uzi huu nimeusoma wote. Naona mwamsahau upepo. Kusini mwa Uingereza upepo wa bahari watoka kusini magharibi, na mzabibu ukiwa kwenye maua mwisho wa Juni, upepo baridi na mvua vikipiga wiki ile, maua hayashiki, kichala chatoka na punje tatu nne. Ndugu yangu aishi Brighton, anieleza wenye mashamba hupanda mistari ya miti kuzuia upepo. Je hao wakwe wana miti?

#23 MkweWaKusini

Waaleikum salaam kaka. Ndiyo, tuna msitu mdogo upande huo, ulikuwepo toka zamani, baba mkwe anasema ndio maana alichagua mteremko ule. Jirani upande wake uko wazi. Ila sasa mbona hewa ya jalidi kwake imezibwa na upepo uko wazi, vyote viwili kwa pamoja?

#24 SisterNjombe

Inawezekana kabisa. Uzio uko chini, upepo unatoka pembeni. Usiku wa jalidi hauna upepo, hewa imetulia inashuka kwenye mteremko na kukwama. Siku ya upepo inapiga kutoka magharibi. Jamaa alipata ubaya wa pande zote mbili masikini.

#25 Nyakato

Naomba niingie kwa upande wa watu, maana hamjaongelea watu.

Ukiangalia mashamba yaliyotajwa huko, yaliyodumu mengi nyuma yake kuna mume, mke na mtoto aliyekubali kuendelea. Camel Valley kule Cornwall alianzisha Bob Lindo, alikuwa rubani wa jeshi la anga, na mkewe Annie, wakapanda 1989, mtoto wao Sam akawa ndiye mtengenezaji. Ridgeview hapohapo Sussex, Mike na Chris Roberts walianza miaka ya tisini, watoto wakaingia mmoja utawala mmoja kiwandani, na 2010 waini yao ikachukua kombe la mapovu bora la kimataifa mashindano ya jarida la mvinyo la Decanter, ikawapita na Wafaransa wenye shampeni. Hiyo sio chaki tu.

Kwetu Bukoba kahawa ya babu ilikufa sio kwa ugonjwa, ilikufa kwa sababu watoto wote tulikuwa mjini na kila mmoja anasubiri mwenzake arudi. Mti unahitaji mtu anayeuangalia kila siku hata kama hana cha kufanya pale. Mleta uzi, swali langu kwako na mama watoto: hizo hekta 2 mkiweka hela, majina yenu yanaingia kwenye karatasi? Maana serikali yao Oktoba 2024 ilitangaza kodi ya mirathi kwa ardhi ya kilimo, wakulima wakaenda London kupinga, tena na matrekta. Baadaye wakapandisha kiwango cha msamaha, ila somo ni kwamba shamba la familia bila karatasi linagombanisha watu.

#26 MkweWaKusini

Dada Nyakato hapo umegusa. Bado hatujakaa na mwanasheria. Mama watoto anaona aibu kumuuliza baba yake.

#27 Nyakato

Aibu ya leo ni nafuu kuliko kesi ya kesho. Muulizeni sasa hivi mzee akiwa mzima na anacheka.

#28 Kibirigizi

Swali la pembeni. Nimesikia Waingereza wanadai wao ndio waligundua shampeni sio Wafaransa. Kweli au kijiweni tu?

#29 DaktariWaMimea

Kuna msingi. 1662 mwanasayansi Mwingereza Christopher Merret aliwasilisha karatasi Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza wauza mvinyo wanavyoongeza sukari ili uchangamke na utoe mapovu. Yule mtawa Dom Pérignon, ambaye Wafaransa wanampa sifa ya shampeni, alifika kwenye monasteri ya Hautvillers 1668. Na Waingereza walikuwa na chupa ngumu za tanuru la makaa, za Wafaransa zilikuwa zinapasuka. Ila kuandika jinsi ya kufanya na kujenga biashara nzima ni vitu viwili, Mfaransa naye ana haki yake.

#30 Ntuzu

Mfaransa mwenyewe ameshahamia. Kampuni ya shampeni ya Taittinger walinunua ardhi Kent 2015 wakapanda 2017, na wenzao Pommery wako Hampshire. Mtu wa Champagne akija kununua kilima chako ujue kilima kina kitu.

#31 Kibirigizi

Na Warumi ndio walileta zabibu huko si ndio?

#32 DaktariWaMimea

Warumi wanabishaniwa sana. Kilichoandikwa ni Domesday ya 1086, daftari la mfalme la kuhesabu ardhi na mali, inataja mashamba ya zabibu zaidi ya 40, mengi ya makanisa na mabwana. Tusitoke nje sana, nasubiri ankara.

#33 Mgogo Halisi

Nataka kujua wadudu na wanyama. Huku kwetu ndege wanamaliza, watoto wanashinda na manati. Huko je?

#34 MkweWaKusini

Ndege wapo, tunaweka nyavu kwenye safu za karibu na msitu. Paa tunazuia kwa uzio mrefu. Anayetushinda ni baja, mnyama wa jamii ya nyegere, mweupe na mweusi usoni. Anachimba chini ya uzio anaingia usiku wiki moja kabla ya mavuno, anajua sukari imefika kuliko kipimo cha shemeji. Anavuta kichala cha chini anakula chote anaacha kikonyo kinaning'inia. Na ni mnyama analindwa na sheria ya 1992, huruhusiwi kumdhuru wala kuziba shimo lake. Baba mkwe ameinua waya wa kwanza wa matunda juu zaidi kwenye safu zile, ndio dawa pekee aliyonayo.

#35 Mgogo Halisi

Kuinua waya! Hiyo naichukua, sio kwa baja, kwa mbuzi wa jirani yangu.

#36 MkweWaKusini

Wakuu nimerudi. Shemeji amechimbua faili. Daktari shika kiti.

Chardonnay yetu ni Fercal kama ulivyosema. Ila Pinot Noir yetu yote ni SO4. Na haijawahi kuwa njano. Kwa jirani hatuna ankara, lakini kuna visiki vichache kwenye kona ambavyo trekta halikufika, kimoja bado kina kibandiko cha plastiki, kimeandikwa SO4, kilikuwa Chardonnay.

#37 DaktariWaMimea

Kwa hiyo nusu yangu imesimama. Chardonnay yake ilikuwa SO4 kwenye chaki, lazima ingekuwa njano. Pinot yenu iko sehemu gani ya mteremko? Nabashiri iko chini ambako udongo wa juu umeteremka na kujikusanya, mizizi bado haijagusa chaki yenyewe. Chimba pale, pima unene wa udongo mweusi.

#38 SisterNjombe

Na kama Pinot iko chini mbona haikuungua na jalidi? Kwa sababu iliwashiwa mishumaa. Tunarudi kwangu.

#39 Chapakazi_UK

Na nani aliwasha mishumaa? Watu wanaolala hapo. Tunarudi kwangu.

#40 MzeeWaHesabu

Na mishumaa ilinunuliwa kwa hela ya nani? Ya kondoo na ya mwalimu. Mnajua tunarudi kwa nani.

#41 Mombasani

Hamna hata mmoja arudiye kwangu, na upepo wavuma vilevile.

#42 MkweWaKusini

Nimepima na shemeji leo. Kwenye Pinot udongo mweusi ni sentimita 45 hivi kabla ya kugusa mweupe. Kwenye Chardonnay yetu juu ni 20, jembe likipiga mara mbili linatoa vumbi jeupe. Upande wa jirani tunaotaka kununua tumepima sehemu tatu, juu 15, katikati 30, chini karibu na uzio zaidi ya 50 lakini ndio pale Sister anaposema baridi inakwama.

#43 DaktariWaMimea

Basi kata katikati. Acheni juu na acheni chini. Hekta 2 za katikati, Fercal zote, na pelekeni sampuli maabara zipimwe chokaa hai, yaani ile inayozuia mizizi kuchukua chuma, kabla ya kuagiza mche hata mmoja. Miche ya kubebeshwa huwa inaagizwa mwaka mzima kabla, mna muda.

#44 SisterNjombe

Nakubaliana na katikati, lakini omba kwanza ruhusa halmashauri ya kufungua mlango kwenye ule uzio wa chini, hata mita chache, hewa ipate pa kutokea. Na weka kipimajoto pale majira haya ya baridi mpaka mwezi wa tano ulinganishe na cha baba mkwe. Usinunue kabla hujaona namba za masika.

#45 Ntuzu

Nusu ya hizo ziwe Bacchus.

#46 MkweWaKusini

Baba mkwe amesema Bacchus safu kumi na haongezi hata moja 😂 Shemeji anataka ishirini. Kipimajoto kimeshaagizwa.

#47 Mgogo Halisi

Mleta uzi naweza kupata vipande vya hiyo Bacchus nijaribu huku Hombolo?

#48 DaktariWaMimea

Mkuu Mgogo usibebe kipande kwenye begi, utaleta ugonjwa ambao hatuna. Miche ya nje inapitia TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kibali kwanza. Na kwa joto la Dodoma Bacchus itaiva haraka na kupoteza ule uchachu wote, hutapata kinachoifanya ipendwe. Chenin Blanc tunayo na inatufaa zaidi. Ulishaongea na watu wa utafiti Makutupora?

#49 Mgogo Halisi

Naenda wiki ijayo. Ntawauliza na kuhusu mashina ya kubebeshea, maana shamba la mzee lina chumvi upande mmoja na nimechoka kupanda upya.

#50 Nyakato

Mleta uzi, mwanasheria mmeshamuona?